Njiti ya Jumamosi Mchana

Mtaa wa Rivington,
New York.
14 Januari 1912

Mpendwa Shangazi Hinde,

Salamu tele kutoka kwangu. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Grodno? Mimi mzima, kikohozi kimeniacha, na supu nakunywa kila siku kama ulivyoniagiza.

Sasa nikwambie, maana siwezi kukaa nalo. Nimepata kazi ya uigizaji. Kazi kamili Shangazi, si kusimama nyuma na upanga wa mbao.

Bwana Kupfer, mwenye kundi letu, alinipa nafasi ya mpwa mwovu anayechoma wosia wa mjomba wake ili amdhulumu binti yatima. Akasema, "Getsl, Jumamosi mchana ndiyo mtihani wako. Watu wakikukataa, rudi kwenye kazi yako ya kupiga pasi makoti."

Basi jana ukumbi umejaa. Nimetoa wosia, nimeshika njiti ya kiberiti. Kule viti vya juu mama mmoja akapaza sauti, "We mshenzi, leo Sabato! Weka chini hiyo njiti!" Wayahudi wenzetu wote ukumbini wakaanza kuzomea. Na wamekuja kwa tramu hao, tikiti wamenunua mlangoni, mambo ambayo Sabato inayakataza sawa na kuwasha moto, lakini moto tu ndio hawautaki. Huku chini, msomaji anayetukumbusha maneno kutoka kishimoni kwake chini ya jukwaa ananihimiza, "Washa, washa, unangoja nini?"

Nikakukumbuka wewe, ulivyokuwa ukificha viberiti kila Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato haijaingia. Nikatia njiti mfukoni, nikawatazama wa juu, nikasema kwa sauti ile ile ya uovu, "Mimi mwizi, sikatai, lakini si mpagani. Nitauchoma Sabato ikiisha."

Shangazi, ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi. Yule mama akajibu, "Angalau huyu kalelewa!" Wosia ukabaki mezani, yatima akaunyakua, na sehemu yote ya mwisho tukaitunga pale pale.

Pazia liliposhuka Kupfer akanijia, jasho linamtoka. "Umeniharibia mchezo," akasema. Nikaona pasi inaniita. Akanifuta rangi usoni kwa leso yake. "Basi kila Jumamosi uuharibu hivyo hivyo."

Nilipoondoka ulilia, ukasema jukwaa litanisahaulisha nyumbani. Jana watu mia nane wamepigia makofi malezi yako, ila jina walilolitaja ni langu.

Nisalimie Mjomba Sender na dada Brayne. Mungu alipe goti lako nguvu za kuvuka bahari, kiti cha mbele ukumbini nimeshakuombea.

Mwovu wako akupendaye sana,
Getsl