Mtungi Mwekundu wa Haroub

Kaka yangu Haroub,

Leo nusura nimpige mtu kazini, kwenye hifadhi ya mimea. Alisogeza kitambaa chenye maji kwenye mmea wako uliokaushwa, akaniambia tusafishe kidoa. Nikamkamata mkono, nikaukaza mpaka akapiga kelele. Kidoa kile ni damu yako.

Wewe ndiye uliyeuona kwanza, kule mlimani, kisiwani Borneo. "We Zuhura, njoo huku! Huu hakuna mtu anayeujua!" Mitungi myekundu ya kunasia wadudu ilining'inia kwenye ncha za majani, mikubwa kama birika la chai. Ulichana mmoja kwa wembe ukanionyesha panzi aliyeyeyuka nusu. Ulicheka sana.

Kisha wakaja wezi wa mimea na magunia yao, wale wanaowauzia matajiri wenye vibanda vya vioo vya kukuzia mimea adimu. Waling'oa kila walichofikia. Ulipomrukia mmoja kumpokonya gunia, mwenzake akakupiga panga la shingo. Nilikulalia nikiziba kwa viganja, damu ikapita vidoleni. Mkononi mwako lilibaki tawi moja. Polisi wakaandika kwamba uliteleza. Nawachukia, kaka, na sitaki kupoa.

Tawi hilo ndilo nililobandika kwenye karatasi hapa London, kwa kuwa fani yetu haiutambui mmea mpya bila mmoja uliokaushwa na kuwekwa daima. Nimeupa jina lako. Lakini desturi inataka makala ya kuutangaza itaje na mahali ulipochumwa.

Mama alikuja kwangu Hayes, akakaa bila kuvua koti. "Andika mlima aliouliwa mwanangu. Watu wajue hakuteleza."

"Mama, wezi nao wanasoma tunayoandika. Juu ya jabali kuna miche waliyoikosa. Nikiutaja mlima, watarudi."

"Na warudi! Kati ya majani hayo na Haroub, mie nimezaa kipi?" Akaivurumisha sahani ya kachori ukutani.

Nimekwishapeleka makala. Mahali nimeandika Borneo, kisiwa kizima, basi. Mama anasema mimi na polisi ni kitu kimoja, sote tumekufukia mara ya pili.

Ungenitukana kama ningeutaja mlima na kuisaliti miche ile, najua. Kwa hiyo nimekuchagua wewe, si Mama. Wewe umekufa, kaka, na yeye yu hai hapa hapa London, mtaani Rayners Lane, hapokei simu yangu.

Pumzika. Mimi siwezi.

Dada yako,
Zuhura