Usukani Ulioukata

Mpendwa Baba Munira,

Salamu zako zimefika, na mamako anazirudisha. Sisi tu wazima. Munira ana mafua kidogo lakini anakula. Nimeanza na hayo usije ukasema nimekurukia bila hata kukujulia hali.

Sasa tusemane. Juzi uliweka sauti yako kwenye kundi la simu la wenzako waendeshaji, ukasema, "Mke wangu ameiua pikipiki yangu. Athmani, nenda Ijumaa ukairudishe vile nilivyoiacha." Wenzako wakacheka. Mmoja akauliza kama nimeitia na pazia. Mimi hukunipigia. Umenisema mbele za watu, basi nami nakujibu mbele za watu, na wale wanawake wanaoanza kuendesha, ambao kila wiki huniuliza waanzie wapi, wasome pia.

Wakumbuka siku ulipoukata ule usukani? Nilikuwa na mimba ya Munira, nimekaa barazani nakula embe mbichi la pilipili, nawe umepiga magoti kichochoroni na msumeno wa chuma. Pikipiki ilikuwa haipiti kati ya ukuta wetu na baraza la jirani. Ukakata kipande huku na kipande huku. Vioo vya pembeni ukaving'oa, kwa sababu vilikuwa vikikwaruza milango ya watu. Kisha ukaisukuma hadi mlangoni bila kugusa popote, ukanigeukia na jasho lako usoni.

"Waona? Yapita kama paka."

Nikakupigia makofi. Nilikupenda sana siku ile, na wala sikatai. Pikipiki za wenzako zililala barabarani Ndia Kuu, yako ikalala chini ya dirisha letu. Baadaye ukatoboa ekzosi, lile bomba la moshi, nikawa nakusikia ukiwa bado mbali, naweka chai motoni. Ukatoa na chujio la hewa, ukasema injini lazima ipumue. Kwenye gurudumu la nyuma ukatia gia ndogo ya cheni ili upate mbio ukienda Nyali. Ulikuwa peke yako juu yake, mwembamba, huna mzigo. Ilikufaa.

Kisha ukasafiri kwenda kazini ng'ambo, ukaniachia funguo. Mimi sikuwa peke yangu juu yake. Mbele nina ndoo ya mahamri, nyuma hotipoti ya mbaazi, na Munira nimemfunga mgongoni kwa leso, maana mamako hawezi tena kumkimbiza. Kila asubuhi navuka Kibarani kuwapelekea chakula mafundi wa gereji. Na lile ekzosi lako likinguruma tu kichochoroni, mtoto aliyelala anaamka, na mamako anatoa kichwa dirishani: "Mume hayupo, lakini kelele zake kamwachia mkewe. Hata adhana siisikii."

Nilivumilia mpaka ile asubuhi ya lori. Lilinipita pale Kibarani kwa kasi, upepo wake ukanisukuma pembeni. Usukani mfupi haukupi nguvu ya kushindana na kitu, mikono imebanana kifuani kama mtu anayeomba. Tukatoka barabarani mpaka kwenye mchanga, mahamri yakamwagika. Hatukuanguka. Munira akacheka, akadhani ni mchezo. Mimi nilibaki juu ya pikipiki nikishindwa kufungua mkono ulioshika breki. Sikukwambia, kwa sababu ungesema niache kuendesha, na nikiacha kuendesha hatuli.

Nilitoka pale moja kwa moja hadi Bondeni, kwa Bwana Yusufali wa duka la spea.

"Nataka usukani mrefu wa kawaida."

"Mama, wa pikipiki ya nani?"

"Yangu."

"Yako ya mumeo?"

"Yangu yangu, Bwana Yusufali."

Akacheka, akaniletea. Nikaufunga mwenyewe nje Ndia Kuu, Munira akinifichia spana. Dada zangu mnaoanza, hili mlijue: ukibadilisha usukani, washa injini, weka gia huru, geuza usukani mpaka mwisho kulia, halafu mpaka mwisho kushoto. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umevutika. Usiende popote kabla hujaupitisha vizuri au kununua mrefu zaidi. Na vile vishikio vya breki na klachi vilaze kidogo, mkono wako unyooke kutoka kiwiko hadi vidole. Mkono uliopinda huchoka, na mkono uliochoka huchelewa kushika breki.

Ekzosi nimeliziba matundu, mamako aisikie adhana. Vioo nimevirudisha. Chujio pia. Baba Munira, ulisema injini ipumue, lakini ilikuwa inapumua vumbi la Kibarani. Nilifungua plagi ya injini ikiwa imepoa, nikaikuta nyeupe kama chaki. Plagi yenye rangi ya biskuti ni nzima. Nyeusi yenye masizi, petroli imezidi. Nyeupe, hewa imezidi na injini inajiunguza polepole. Wewe ulikuwa ukikaza na kulegeza skrubu ya kabureta kila Jumapili, na tatizo lilikuwa lile chujio ulilolitupa. Rudisha kwanza ulichokitoa, ndipo uguse skrubu, injini ikiwa na moto, robo mzunguko tu, usikilize. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekutibu na kipi kimekuumiza.

Gia ya nyuma nimetia kubwa. Ndiyo, mbio zimepungua. Lakini sasa naondoka na mzigo bila klachi kunuka. Cheni mpya nimeitia pamoja nayo, kwani cheni kuukuu huitafuna gia mpya. Mwanamke anayeanza asiikaze cheni pikipiki ikiwa tupu. Akae juu yake na mzigo wake, mwenzake aishike cheni katikati. Icheze kiasi cha vidole viwili, na alama za pande zote mbili za gurudumu zilingane. Na kwa chumvi ya hewa yetu hii, ifutwe na itiwe oili mara kwa mara.

Sikwambii kuwa kila kitu ni raha. Usukani mrefu haupiti kichochoroni. Pikipiki sasa inalala Ndia Kuu, nimeifunga kwa mnyororo mbele ya duka la jirani, na kila jioni natembea na ndoo mkono huu, hotipoti mkono huu, mtoto mgongoni, miguu inawaka moto. Nimechagua hivyo. Afadhali nichoke.

Jana huyo rafiki yako Athmani alikuja kabla ya hiyo Ijumaa, amebeba spana zake.

"Shemeji, mimi natumwa tu."

"Najua. Kaa unywe chai."

Akanywa, akala mahamri, akawa anatazama chini.

"Sasa mumeo nitamwambia nini?"

"Mwambie umenikuta."

Akaondoka akisema atarudi Ijumaa baada ya swala, maana ahadi ni ahadi.

Katika ile sauti yako ulisema, "Hiyo ni amana nilimwachia." Neno hilo limeniuma kuliko kicheko cha wenzako. Kweli, pale uwanja wa ndege ulisema unaniachia amana: mama, mtoto na pikipiki. Mamako nilimpeleka akapimwa macho, sasa ana miwani. Munira ulimwacha hana jino, leo anatafuna mifupa ya kuku na kunijibu. Nguo ulizomnunulia hazimwingii. Nimpunguze mpaka zimtoshe? Hao wawili hukusema nimewaharibu. Kutunza amana ya kitu kinachotumika kila siku ni kukifanya kisitudhuru.

Sikwambii haya kwa kukudharau. Najua huko unaendesha gari la mtu, huna ruhusa hata ya kusogeza kiti. Labda hii pikipiki ndiyo kitu pekee cha nyumbani unachokifikiria ukijua kiko vile vile. Naelewa, na nakuonea huruma. Lakini siwezi kumpandisha mtoto juu ya kumbukumbu zako.

Kwa hiyo mpigie Athmani kabla ya Ijumaa, umwambie aje kula tu. Usipompigia, atakuta mnyororo na mimi nimekaa juu ya pikipiki, na utakuwa umemwaibisha rafiki yako bure.

Na ukija likizo, nitakuja kukupokea mwenyewe, na helmeti yako. Begi litafuata na tuktuk. Mimi nitaendesha, wewe utakaa nyuma. Ukisema neno lolote juu ya mbio zilizopungua, nitasimama pale Kibarani ushuke utembee, nami nitakwenda nyumbani nikakuwekee chai.

Mungu akulinde huko uliko.

Mkeo,
Mama Munira