Moyo wa mbuzi niliouosha

Mujukuu wangu Furaha,

Huku Nakivale, kambini kwa wakimbizi, tuko muzuri, maharagwe yametoa maua. Mama yako anakusalimu, pole na masomo yako ya uuguzi huko Mbarara.

Umeuliza mbona damu ikitoka moyoni hairudi nyuma. Nikiwa musichana kule kwetu Fizi, Kongo, baba alichinja mbuzi, akanipa moyo niuoshe. Nikamimina maji kwenye mushipa mukubwa, yakakataa kushuka.

Baba akacheka. "Huo mulango ni wa kutokea tu. Mimina fasi ya kuingilia."

Nikamimina huko, nikaminya, maji yakaruka juu kupitia ule mushipa mukubwa.

"Basi damu hairudi tena?"

"Inarudi, mwanangu, lakini kwanza izunguke mwili wote."

Mpaka leo naota nyumba yetu ya Fizi. Nikiamuka najiambia sijapotea. Nimefika tu kwenye vidole vya miguu.

Koko wako