Bibi na Kapteni wa Mbuya

Shamimu, banange, jamani! Acha kila kitu usome!

Nilikuwa naandaa maji ya kumwogesha mtoto, nikafungua bomba la moto kwanza. Bibi Mahfudha akanirukia: "Baridi kwanza! Halafu pima kwa kiwiko!" Nikamwuliza, mbona ukali wote huo?

Ndipo akafunguka. Mwaka sabini na tano alikuwa mhudumu wa nyumba ya wageni ya jeshi kule Mbuya. Kapteni mmoja akamtukana eti maji ya kuoga ni baridi. Bibi akapandwa na hasira, akajaza beseni maji ya moto matupu. Kapteni akatumbukiza mguu!!!

Yowe! Walinzi wakaingia na bunduki. Na enzi zile za utawala wa kijeshi watu walipotea kwa neno moja tu.

Bibi yangu, mfupi vile, akamkemea KAPTENI: "Kaa chini! Mguu kwenye maji baridi, usiutoe mpaka niseme!"

Akakaa. Dakika ishirini, Shamimu! Kapteni mwenyewe akawafokea walinzi: "Tokeni, dada ananitibu."

Bibi kaniambia: "Tangu siku ile nikikasirika, natoka nje kwanza."

Nimecheka mpaka machozi. Angesita kidogo tu, mama yangu asingezaliwa.