Darasa la Ndala

Kaka yangu,

Sisi wazima, na paka amezaa tena juu ya kabati.

Binti yako si mzito wa kushika. Mwalimu mkuu alitaka arudie chekechea, nikakataa katakata. Mimi ndiye ninayemfundisha hapo shuleni. Darasani alitulia kama maji ya mtungi, lakini nyumbani hupanga ndala zote sebuleni na kuzifundisha somo lile lile. Basi, huyu hujifunza kwa kufundisha! Nimempa chaki awafundishe wenzake, na sasa hashikiki.

Jana aliziita ndala majina. Zote ziliitika, kwa sauti yake, isipokuwa moja kubwa, ile uliyoiacha siku ulipoondoka.

“Baba hayupo,” akasema, akaendelea na somo.

Dada yako, aliyekataa kuitupa ndala hiyo.