Jedwali la Isingiro Lilipotoka Tupu

Baba Koku,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Tangu tukuzike, tovuti ya chama cha wakulima imebaki mikononi mwangu peke yangu, na jana nusura wakulima wanipige. Lori la miche ya kahawa lilikuwa getini. Mwenyekiti alitaka ukurasa wenye majedwali mawili: juu wakulima wote, chini wa Isingiro tu, ndio wagawiwe kwanza. Nikaandika. La juu likajaa majina. La chini likaja na kichwa chake, halafu peupe.

Wazee wa Isingiro walikuwa wanatazama skrini hiyohiyo. Mmoja akaniuliza polepole, "Binti, sisi mmetufuta?" Nyuma yake wakaanza kusema miche yao imeshavushwa mpaka wa nchi pale Murongo, ikauzwe. Jamani! Nikakagua hifadhidata, majina yapo. Nikafungua ukurasa upya, vilevile. Dereva anapiga honi. Nilikukasirikia, Baba Koku, kwa kufa kabla hujamaliza kunifundisha.

Kumbe ulishanifundisha. Nikakumbuka siku ile ulipokuwa nyuma ya kiti changu na kikombe chako cha chai, unanicheka: "Umepalilia mpaka mwisho wa kibanja, sasa unataka kuanza upya umesimama palepale mpakani? Garuka!" Rudi. Kompyuta ilikuwa imeyasoma majina yote kwa ajili ya jedwali la kwanza, ikaishia mwisho. Jedwali la pili lilipoyaomba, mbele hakukuwa na kitu. Nikaandika mstari mmoja wa kuirudisha mwanzo kabla ya mzunguko wa pili.

Isingiro ikajaa. Wazee wakawa wanajisomea majina kwa sauti, mpaka wakalisoma na lako. Hakuna aliyekuwa amekutoa. Mwenyekiti akaniinamia, akasema marehemu hagawiwi miche, nifute mstari mzima.

Nikamwambia mstari haufutwi, mkeo yupo na kibanja kipo. Akaanza kufoka kuhusu utaratibu. Yule mzee aliyeniuliza ndiye aliyemkatiza: "Mwandike Mama Koku, mwanangu."

Nikamwandika. Miche ameipata, Jumamosi naenda kumsaidia kuipanda.

Lala salama, mwalimu wangu. Nakuahidi jina lake halitatoka pale nikiwa hai. Lako nimelitoa mwenyewe, herufi moja moja, mbele ya watu wote, huku nalia.