Orville Stenner, Baba Yetu Aliyekufa Kila Jumanne

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka hapa Newhall, na bado kila Jumanne jioni tunakuona ukifa kwenye televisheni.

Katika vipindi vya makauboi ulikuwa jambazi. Walikupiga risasi, walikunyonga, walikuacha jangwani bila maji. Jina lako lilipita upesi mwishoni, lakini uso wako watu waliujua. Sokoni bibi mmoja alikuchapa kwa mkoba: "Mshenzi wewe! Yule mchungaji wa kanisa uliyemuua alikukosea nini?"

Ukavua kofia. "Nisamehe, mama. Jumanne ijayo wananinyonga."

"Afadhali!" akasema, akaenda zake.

Nyumbani hata buibui hukumuua. Ulimtoa nje kwa kikombe.

Kisha banda la farasi likashika moto wakati wa kurekodi kipindi. Wenzako walikimbia, wewe ukarudi ndani kumtoa Lupe Arriaga, mtunza farasi. Mlitoka hai, ila moshi ulikula sauti yako. Tangu hapo wakakupa nafasi za watu wasiosema neno: wa kusimama mlangoni, wa kuanguka.

Mwaka wako wa mwisho ulipewa nafasi ya mzee anayemsamehe mwanawe. Maneno, hatimaye! Ulifanya mazoezi na Mama jikoni hadi maharage yakaungua. Kipindi kilipoonyeshwa, midomo ilikuwa yako, sauti ya mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amekuambia. Ulitazama hadi mwisho, ukanong'ona, "Yule bwana anasema vizuri," ukaenda kulala. Majira yale ya baridi hayakwisha ukiwa nasi.

Mwezi uliopita walikirudia. Mjukuu wako Trudy alipiga kelele: "Babu anaongea!" Sauti ile ngeni ilijaa sebule, ikitoka kinywani mwako, na hakuna kati yetu aliyeweza kuikumbuka yako.

Mama akainuka, akaizima sauti, akakaa karibu na kioo cha televisheni. Midomo yako ilipofunguka akasema yeye, kwa ile pumzi yako ya kukwaruza: "Ingia ndani, mwanangu. Nje kuna baridi."

Trudy akamshika mkono. "Bibi, huyo ni wewe?"

Mama akaendelea na maneno yako hadi mwisho.

Unakumbukwa na mkeo Verna. Binti yako Colleen na mumewe Ray. Mjukuu wako Trudy. Kaka yako Clyde, kule mjini Enid. Na Lupe Arriaga pamoja na wanawe watatu, wote waliozaliwa baada ya moto.

Daima tunakukumbuka, Baba. Ingia ukitaka.